Pete ya Chuma Ndani ya Mvule

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, kila nikisikia harufu ya mbao mbichi. Kwa kuwa Jumatatu unaanza kazi kwenye kiwanda cha mbao kule Usagara, kaa kwanza nikusimulie.

Ujana wangu niliumalizia kwenye kiwanda cha mbao cha serikali, kando ya ziwa, mbele ya Kiseke. Tulikaa pale familia arobaini. Nyumba zilikuwa za kiwanda, shule ya kiwanda, hata saa ilikuwa ya kiwanda: king'ora kikilia, sote tunaamka. Magogo yaliletwa na tishari kutoka visiwani. Lo! Gogo la mvule likipandishwa nchi kavu, mtu mzima akisimama nyuma yake humwoni. Na mimi, mwanamke, ndiye niliyeendesha msumeno mkubwa. Kichwa kilivimba, sikufichi.

Hakuna gogo lililopanda mashineni kabla Mzee Magesa hajalipitia. Alikuwa Mkerewe, mtu wa maneno machache, na nyundo yake ndogo. Kwanza aliuliza, "Mti huu ulisimama wapi?" Wa msituni aliugonga kidogo tu. Uliosimama karibu na watu aliugonga pande zote, sikio kwenye gome, maana watu hupigilia vyuma na mti huvimeza.

Miaka hiyo serikali ilikuwa inauza viwanda vyake. Tajiri mmoja akaja kukagua chetu. Akinunua, tunabaki, asiponunua, tunafunga virago. Na msumeno mzima ulikuwa umebaki mmoja.

Gogo la siku hiyo lilikuwa mvule wa ufukweni. Tajiri alianza kutazama saa yake.

"Binti, upande wa chini bado," Mzee Magesa akaniambia.

"Mzee wangu, hii biashara huria haisubiri kugongagonga," nikamjibu. Wenzangu wakacheka, nami nikawasha mashine.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu lilibaki, ukakatika msumeno. Mungu alituhurumia, hakuna aliyeumia. Tajiri akauliza kosa ni la nani, na mimi nikainama, nikajifanya nahangaika na mashine.

Mzee Magesa akasema, "Kugonga magogo ni kazi yangu, bosi. Hili sikulimaliza."

Tajiri akapanda gari lake, hakurudi tena.

Jioni mzee akaniita. Alikuwa amelipasua lile gogo kwa shoka na kabari. Ndani kabisa palikuwa na pete ya chuma, ile ya kufungia mitumbwi. Mti ulikuwa umeiziba taratibu, mwaka kwa mwaka, na nje haukubaki hata na kovu. Nani aliipigilia pale? Huenda babu wa babu zetu, na ziwa hili hili likiwatazama. Nilipiga magoti, nikasahau hata kulia.

Akaniwekea pete mkononi. "Mti ulikaa na chuma hiki kimya miaka yote," akasema. "Wewe usikae nacho."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Asubuhi yake nilisimama langoni watu wakiingia, nikawaambia wote kuwa ni mimi niliyemkatiza mzee. Mama muuza uji, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, alinigeuzia mgongo mpaka siku aliyohama. Wengine walisema tajiri alikuwa ameshakata shauri tangu mwanzo. Sijui mpaka leo. Kiwanda kilifungwa, king'ora hakikulia tena, familia zikatawanyika, nyingine Kisesa, nyingine zikarudi vijijini. Lakini Mzee Magesa aliondoka pale jina lake likiwa safi. Hilo tu ndilo nililoweza kuokoa.

Basi shika hii pete, iwe yako. Kazini utamkuta mzee mwenye namna yake ya polepole. Usimcheke kwa sababu wageni wanatazama, muulize anasikiliza nini. Nawe utakosea, maana nani asiyekosea? Siku hiyo useme mwenyewe, mapema, kabla mwingine hajakubebea.

Mungu akupe sikio la kusikia kilichofichika na ulimi mwepesi wa kusema "ni mimi." Na kila jioni akurudishe nyumbani na vidole vyako vyote kumi.