Polisi wa Mtaa Hakukuta Mtu

Urafiki wetu ulianza kwa beseni kutupwa. Lilikuwa beseni zima, la plastiki ya bluu, nalo lilitupwa kwenye pipa la taka huku naangalia, kwa sababu nilikuwa nimeoshea ndani yake miguu ya mama mzee. Kazi yangu hapa Brussels ni kwenda majumbani kwa wazee na wagonjwa, kuwaogesha, kuwavisha na kupiga nao soga wakiwa na hamu. Kwa miaka yote ya kazi hiyo nilikuwa nimetukanwa, nimetemewa supu, lakini kuona beseni likitupwa kwa sababu yangu ilikuwa mara ya kwanza.

Mzee mwenyewe aliishi na binti yake ndani ya karavani, nyumba ya magurudumu, kwenye kiwanja kilichoko nyuma ya njia ya reli, upande wa magharibi wa mji. Familia chache za Waroma, wale ambao Wazungu huwaita "gypsy" kwa dharau, wote ndugu wa ukoo mmoja, zilikuwa pale tangu zamani. Binti ndiye aliyelitupa beseni. Alikuwa rika langu, mnene kidogo, sauti yake nzito, na miwani imening'inia kifuani kwa kamba.

Nilipandwa na hasira. Nikajua ni yale yale, mikono ya Mwafrika imechafua chombo. Nikamwambia kwa Kifaransa, maana ndicho tulichozungumza siku zote, kwamba mikono hii imesomea kazi yake na ina cheti. Akanitazama kama aliyeona kichekesho. "Hata ungekuwa malaika ningelitupa," alisema. "Hilo ni la vyombo vya chakula. Miguu ina beseni lake, uso una lake, nguo za chini zina lao." Akanionyesha mabeseni yote, yamepangwa chini ya ngazi ya karavani, kila moja na rangi yake. Ndani mle ukipiga chafya unaona aibu kwa usafi. Nilirudi kwangu nikaliangalia sinki langu kwa jicho jingine, ingawa sikumwambia mtu.

Basi tukawa marafiki kwa namna hiyo, mimi nikimwogesha mama yake kwa mabeseni sahihi, yeye akinipikia kahawa nyeusi ya kuamsha maiti. Alipenda kunitania. Serikali ya huku inawaita watu wa karavani "watu wa safari", na jina hilo lilimchekesha hadi machozi. Alizaliwa palepale kiwanjani, mama yake alifika pale akiwa msichana, na safari ndefu kuliko zote alizowahi kufanya ilikuwa kwenda baharini Ostende, akarudi siku hiyohiyo kwa sababu ya upepo. Mimi nilitoka Bukavu kwa miguu, nikapita Kigali, Kampala, Nairobi, nikalala kwenye makambi na kwenye viwanja vya ndege, lakini mimi ndiye ninayeitwa mkazi. "Wewe mtu wa safari," alikuwa akiniita nikichelewa, "ingia, kahawa inapoa."

Shida ilikuwa kiwanja chenyewe. Ni mali ya komuni, yaani serikali ya mtaa, na komuni ilikuwa imeanza kusema inakitaka kwa ajili ya kujenga. (Sitataja ni komuni gani. Wanaoijua wanaijua.) Jambo kama hilo huamuliwa na baraza la komuni, na katika baraza lile hajawahi kukaa Mroma hata mmoja. Mwaka wa uchaguzi ulipoanza, chama kimoja kikaja kumwomba agombee. Nadhani walitaka sura yake kwenye picha zaidi ya maneno yake, na yeye aliliona hilo kabla yangu, lakini akakubali. Hakuwa na tamaa ya ukubwa. Alitaka kiti kimoja tu, ili siku watakapojadili kiwanja kuwe na mtu mle ndani anayekijua. Alianza kutembea mtaani akibisha hodi kwenye milango ya watu ambao, kwa miaka yote, walivuka barabara wakimwona.

Nilimweleza mume wangu wakati wa chakula. Akacheka, akaweka uma chini.

"Bale bantu ba ma-caravane? Na politique? Bon, nani atabapigia kura?"

"Miye nitamupigia."

"Wewe peke yako. Alors, atashinda na kura moja."

"Na yako, itakuwa mbili."

Akaokota uma wake, akaendelea kula. Wengi wetu ni hivyo, sifichi. Tumefika hapa tukiwa tumebanwa chini, tukatafuta upesi wa kuwabana chini yetu.

Wakati huohuo wakubwa wa Schuman, mtaa wa ofisi za Umoja wa Ulaya, nao wakamsikia. Waliandaa mkutano kuhusu Waroma kushiriki katika siasa, wakamwalika aseme neno, na yeye akaniomba nimsindikize kwa sababu mkutano humtia woga kuliko mbwa. Tukavaa vizuri. Mlinzi mlangoni alikuwa kijana wetu, Mkongomani, akanipa heshima zote.

"Bonjour maman, passez. Ule mama, tutaangalia sac yake."

"Na yangu?"

"Aa, yako hapana, maman."

"Basi, mutoto yangu, angalia yote mbili. Donc, sisi wote tunabaki hapa mpaka uangalie."

Akaangalia mikoba yote miwili, amenuna. Rafiki yangu alinishika mkono hadi kwenye lifti. Ukumbini alisema maneno yake: kiwanja, maji, watoto wanaoulizwa shuleni wataondoka lini. Wakampigia makofi. Mheshimiwa mmoja mwenye tai ya kijani akamwambia kwamba sauti yake ni ya thamani sana, kisha wakatupa keki. Nilijiruhusu kuamini siku ile. Tulirudi kwa metro tukicheka, makombo ya keki mapajani.

Kabla ya Pasaka mama yake alizidiwa. Gari la wagonjwa lilimchukua, na kiwanja kizima kikalifuata.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu kila kitu kiliharibikia hapa. Kwao mzee akiwa anakufa haachwi. Ukoo wote huenda hospitali, kaka, wake zao, binamu kutoka Ujerumani na Ufaransa, watoto wachanga, na hawaondoki hadi roho itoke. Wanalala kwenye viti, wanakula kwenye ngazi, wanaulizana habari kwa sauti. Wauguzi walikuwa wamechoka nao. Nilikwenda kumwona mzee baada ya kazi, nikakuta korido imejaa, na ikanijia Bukavu yangu, matanga ya baba yangu, ua umejaa watu wasioondoka. Nikakaa chini nao. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani.

Kiwanjani hakubaki mtu. Walifunga geti kwa mnyororo.

Sasa huku Ubelgiji kuna desturi ambayo mgeni huishangaa. Komuni haiamini kwamba unaishi mahali kwa kusema tu. Humtuma polisi wa mtaa aje akuone kwa macho yake, na akitilia shaka anarudi tena. Polisi wa zamani wa mtaa ule alikuwa amezoea kunywa kahawa kiwanjani, lakini alikuwa amestaafu. Wa sasa alikuwa mpya. Alikuja, akakuta mnyororo. Akarudi, mnyororo. Akamwuliza jirani wa ng'ambo ya barabara, jirani akamjibu kwamba wameondoka, watu hao ndivyo walivyo. Mimi nisipokuwa nyumbani, polisi hufikiri niko kazini. Wao wasipokuwa nyumbani, basi wamehama. Sijui kama yule kijana alikuwa na roho mbaya. Pengine hakuwa nayo, na hilo ndilo linaloniuma.

Mzee alikufa asubuhi, mkono wake ndani ya mkono wa binti. Baada ya mazishi wakarudi kiwanjani, na hapo tukagombana, mimi na rafiki yangu, ugomvi wa kweli. Kwa sababu kwao karavani ya aliyekufa hailaliwi tena. Haiuzwi, hapewi mtu. Zamani ilichomwa moto. Siku hizi moto umekatazwa, kwa hiyo aliwaita watu wa vyuma chakavu waje waichukue ikavunjwevunjwe, na pamoja nayo vyombo, mapazia, mabeseni yote. Yeye angehamia karavani ya kaka yake, hatua chache tu kutoka pale.

Nilimwambia angoje. Ile ilikuwa nyumba yake pia, ndiyo anwani yake, ndiyo iliyompa haki ya kugombea. Ngoja uchaguzi upite, nilimwambia, halafu uivunje hata kwa shoka.

"Nilale kwenye kitanda cha mama yangu ili nipate kura?"

"Ulale sakafuni! Ni miezi tu."

"Na wewe," aliniuliza taratibu, "ungeuza kaburi la baba yako?"

Nilikuwa na hasira naye na hasira hiyo haijaisha, ingawa najua hakukosea. Lori lilikuja likaivuta. Palibaki nyasi za manjano zenye umbo la karavani. Polisi wa mtaa aliporudi mara ya mwisho, alikuta nyasi hizo.

Aliyejua mwisho ni rafiki yangu mwenyewe. Alikwenda kwenye dirisha la komuni kubadilisha kitambulisho, na msichana wa pale akamwambia, kwa upole wote, kwamba hayupo tena. Ameondolewa kwenye daftari la wakazi kwa sababu hakai huku. "Lakini nimesimama mbele yako," akasema. Msichana akasema anaona hivyo. Aandikwe upya kwenye karavani ya kaka yake? Haiwezekani, kiwanja kinangojea uamuzi wa baraza, na hadi hapo hapokelewi mkazi mpya. Alizaliwa pale, akawa mkazi mpya. Asiyekuwa mkazi hagombei. Chama kilimpigia simu kumpa pole, kikamweka kijana mwanasheria mahali pake. Tulijaribu kukata rufaa, tukazungushwa kutoka ofisi hii hadi ile, kila mmoja akitusikitikia. Wale wa Schuman waliahidi kulifuatilia, na labda bado wanalifuatilia.

Siku ya uchaguzi nilikwenda. Huku kupiga kura si hiari, ukiitwa unakwenda. Mimi niliyezaliwa kando ya ziwa Kivu, serikali ilinilazimisha kuchagua. Nikasimama mbele ya skrini, nikapitisha macho kwenye majina hadi kwa mwanasheria. Nilibonyeza kura tupu, isiyo na jina la mtu, nikatoka. Mume wangu alikuwa akinisubiri nje.

"Umemupigia nani?"

"Hakuna."

Hakunitania. Akanishika bega tukaenda kituoni kungoja basi.

Kiwanja kilifika barazani wakati wa baridi. Kikao ni cha wazi, raia wanaruhusiwa kukaa nyuma na hata kuuliza swali, kwa hiyo tulikwenda pamoja. Alivaa lile koti alilokwenda nalo Schuman. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye neno, alisimama. Wakamwuliza jina, karani akaangalia kwenye kompyuta yake, akatikisa kichwa. Wanaoruhusiwa kusema ni wakazi wa komuni tu, akasema mwenyekiti, samahani sana mama.

Akaketi. Sikujua kama nitasimama hadi nilipojikuta nimesimama. Wakaangalia jina langu. Lipo. Mwenyekiti akatabasamu, akanikaribisha. Nikaanza kusema yale ninayoyajua, kwamba mama huyu hajawahi kuhama, kwamba siku mlizomtafuta alikuwa hospitali na mzazi wake.

"Samahani," akanikatiza. "Wewe unaishi kwenye kiwanja hicho?"

"Hapana."

"Basi suala hili halikuhusu moja kwa moja. Asante kwa kufika."

Wakapiga kura ya kukichukua kiwanja, kwa kuinua mikono. Mwanasheria yule alikuwa ameshinda kiti, naye alikuwa mle ndani. Aliangalia kulia na kushoto, kisha naye akainua wa kwake. Wakaendelea na jambo la taa za barabarani. Sisi tulibaki tumeketi hadi zile taa zikaamuliwa, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyekuwa na nguvu ya kuinuka.

Walipewa muda, ukaisha, wakaenda. Sasa pale pamewekwa mawe makubwa ya zege ili karavani isiweze kuingia, na hakuna kilichojengwa. Nikipita na basi nayaona. Familia zilitawanyika. Kaka yake yuko Ufaransa kwa shemeji. Rafiki yangu analala ndani ya gari, kwenye maegesho nyuma ya maghala, nje ya mji, wiki hii hapa, wiki ijayo kwingine, polisi wakija anawasha injini.

Alinipigia simu juzi. Aliniuliza hali ya mume wangu, na wazee wangu wa kazini, nani kafa na nani bado. Nikamwuliza yuko wapi. Akasema hajui jina la mahali, kuna kiwanda cha kitu kinachonuka.

"Basi jina lao limenipata," akasema. "Sasa mimi ni mtu wa safari kweli."

Nilingoja acheke, kwa maana alikuwa akilicheka neno lile siku zote. Hakucheka. Nilisikia magari makubwa yakipita upande wake.