Aliyeifundisha Kompyuta Kusuka Mkeka

Jumatatu asubuhi nilikuwa ofisini Kwale nakunywa chai, akaingia karani mmoja wa kwetu Msambweni. Hakuniamkia. "Rafiki yako yule wa hesabu amefariki jana," akasema. Nilicheka. Jumamosi tu tulikuwa pamoja Ukunda, mzima kabisa, akinieleza namna mistari iliyonyooka inavyoweza kuzaa duara. "Aliinama kufunga kiatu, hakuinuka tena," karani akaongeza. Hata sasa ninapoandika, neno "marehemu" linakataa kukaa karibu na jina lake.

Alikuwa mwana wa msusi wa mikeka, mwanamke aliyeshinda na miyaa, majani ya kusukia, mapajani. Baada ya uhuru alisomeshwa hesabu, akaajiriwa Nairobi kwenye ofisi yenye kompyuta, dude la kujaza chumba kizima. Kazi yake ilikuwa kuandika maagizo kwa tarakimu. Yakitobolewa kwenye kadi, mashine huyafuata. Siku moja akaiandikia maagizo ya namna nyingine: kalamu ya mashine ianzie wapi, ishike pembe gani, irudie mara ngapi. Mashine ikachora mkeka wa mamake, ua kwa ua. Mkubwa wake akamkuta.

"Mashine hii ni ya hesabu, si ya mapambo!"

"Na hiyo ni hesabu, bwana," akajibu. Nusura afukuzwe kazi.

Likizo akaja na ile karatasi nyumbani, nami nilikuwapo. Mamake, asiyejua kusoma hata tarakimu, alipitisha kidole juu ya mchoro, kikasita.

"Hapa umeruka mwaa mmoja, mwanangu."

"Haiwezekani, mama. Mashine haikosei."

"Sikuisema mashine. Nimekusema wewe."

Aliporudi Nairobi alizikagua kadi moja moja. Moja ilikuwa na tarakimu aliyoikosea yeye mwenyewe. Akaniandikia barua ya mstari mmoja: "Mama amesema kweli, nami naona haya." Tangu hapo hakumaliza mchoro wowote bila kumwonyesha.

Baada ya maziko niliingia kumpa mamake pole. Yeye ndiye aliyetangulia kusema: "Alikuwa akikosea kidogo tu."

Tangu tupate uhuru, wengi wetu tumeamini kwamba usahihi ni kitu kinachoshushwa bandarini ndani ya makasha. Rafiki yangu alisoma kutushinda sote, na bado alijua pa kupeleka kazi yake ikakaguliwe. Nani kati yetu wenye vyeti atafanya hivyo? Na afanye mapema, mama angali hai, na yeye mwenyewe pia.