Hatua Tatu za Gobnait

Watu wa bonde letu wanapenda kujisifia shambulio la Kilnadrisk, enzi za kupigania uhuru kutoka kwa Mwingereza. Wakianza kuhesabu bunduki zilizokuwapo, utadhani wote walikuwa wameshika moja. Gobnait Lucey hawamtaji kabisa, na hilo linanichoma mpaka leo, maana mimi ni mmoja wao.

Alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja na konde la nyasi. Ukuta wa konde hilo ulitazama kona ya barabara, kwa hiyo kamanda wetu, Darby Cotter, na vijana wake walijibanza nyuma yake siku mbili wakivizia lori la polisi wa Mwingereza. Gobnait aliwapelekea mikate, viazi na chai, wala hakunung'unika. Lori likaja, bunduki zikalia, akafa konstebo mmoja aitwaye Tuohy, Mwairishi kama sisi, aliyeingia upolisi kwa kukosa ardhi ya kulima.

Kesho yake jeneza lake likapita juu ya mkokoteni. Darby alikwisha kuamuru milango yote ifungwe na asitoke mtu. Lakini kwetu ukikutana na jeneza njiani, hata kama unamkimbilia mkunga, unageuka na kulisindikiza hatua tatu. Gobnait alikuwa anatoka kisimani. Aliweka ndoo chini, akageuka, akatembea hatua zake tatu, akachukua ndoo akaenda zake.

Darby alimfuata nyumbani akiwa amefura.

"Mama, umemsindikiza adui."

"Adui mlimmaliza jana, Darby mwanangu, tena mmeshiba mkate wangu. Mimi nimesindikiza maiti."

Basi Darby akapiga marufuku mtu yeyote kumsaidia kuvuna nyasi. Kwetu nyasi hazivunwi na mtu mmoja. Kila Julai tulizunguka shamba kwa shamba na uma zetu za kugeuzia nyasi, na la mjane ndilo lililotangulia. Pasipo nyasi kavu, ng'ombe havuki msimu wa baridi. Gobnait alikata peke yake kwa mundu mpaka mvua ikamkuta. Wanaume kumi na wanne tulimtazama tukiwa majumbani. Nilikuwa na miaka thelathini na mgongo mzima, na uma wangu uliegemea nyuma ya mlango. Nyasi zikaoza. Novemba alimpeleka ng'ombe wake mnadani, akarudi na kamba mkononi. Hatukuwa wapiganaji wala nini, tulikuwa waoga tu.

Mwaka uliofuata Waingereza wakaondoka, sisi tukagombana juu ya mkataba wa amani tuliotiliana nao na kuanza kuuana wenyewe kwa wenyewe. Darby naye akaviziwa barabarani, akauawa na wenzake wa juzi. Siku ya kumzika tukaonywa vilevile: milango ifungwe, asitoke mtu. Tukatii. Tumezoea.

Mkokoteni ulipofika kwenye lango la Gobnait, alitoka na aproni yake, mikono imejaa unga. Akatembea hatua tatu nyuma ya jeneza la Darby, taratibu, bila kulia. Kisha akasimama katikati ya barabara, akaielekea milango yetu.

"Haya," akasema, "mwaka huu mtaninyima nini? Ng'ombe sina."

Nilimsikia vizuri. Nilikuwa nyuma ya pazia, na sikufungua.