Lenzi ya Ndovu

Jumamosi iliyopita nilikuwa harusini Voi, nikakaa meza moja na wapiga picha, maana harusi za siku hizi wapiga picha ni wengi kuliko wajomba. Wali ulikuwa umeshaliwa, soda zimepoa, na wao walikuwa wanabishana kuhusu lenzi. Mmoja aliisifu lenzi yake mpya kwa maneno ambayo bwana harusi hakumpa mkewe. Mwingine alitaka kuuza hii anunue ile, na mwaka jana aliuza ile akanunua hii. Mwembamba mmoja akasema, "Mimi hii fupi yangu inanitosha. Nikitaka mtu awe mkubwa, namsogelea tu." Wakamcheka mpaka bibi harusi akageuka. Nami nilicheka, ndugu yangu, kwa sababu napiga picha pia, na nyumbani nina lenzi tatu ambazo sijui nilizinunua kwa nini. Halafu nikakumbuka. Maneno hayo hayo niliyasikia nikiwa mtoto Chawia, kijiji cha milimani, kibarazani kwa nyanya yangu.

Kama hujalala Chawia, hujui ukungu unavyoingia mpaka chini ya kitanda. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kuponda kimanga, mihogo na maharagwe sufuria moja, mpaka mkono ufe ganzi. Nyanya alikuwa akikionja kidogo, anatema, anasema, "Kuna mawe humu." Hakukuwa na mawe. Alikuwa na mdomo mkali, na mimi sijampenda mtu mwingine vile mpaka leo.

Jirani yetu wa chini alikuwa mpiga picha. Kamera yake ilikuwa moja tu, ya filamu, yenye lenzi moja fupi, na aliibeba ndani ya kikapu. Harusi na ubatizo vilimlisha, lakini aliogopwa kwa kazi nyingine. Kwetu mtu hazikwi hivi hivi. Mjukuu hutangulia mbele ya jeneza amebeba picha ya marehemu. Wazee wengi hawakuwa na picha ila ile ya kitambulisho, ambamo kila mtu huonekana kama amekamatwa. Basi mgonjwa akizidiwa, watoto wake walimwita jirani. Akionekana anapanda njia siku isiyo ya harusi wala ubatizo, amevaa shati lake jeupe, sisi watoto tulimfuata kwa mbali tuone anaingia kwa nani, kisha tukakimbia kutangaza. Wagonjwa nao walijua. Mzee mmoja alimuuliza, "Ni lini?" Jirani akamwomba anyooshe kola.

Mwaka ule nyanya alivimba tumbo. Hospitali walimrudisha nyumbani, na mama yangu akamwambia ni vidonda vya tumbo, atapona akiacha chumvi. Nyanya akaacha chumvi. Baada ya muda mama akamwita jirani.

Nyanya alikuwa uani anaambua maharagwe. Alimtazama kuanzia shati mpaka kikapu.

"Huko juu kuna harusi?"

"Hakuna, mama."

"Ubatizo?"

"Hakuna."

Akaambua maharagwe mengine. "Basi ni mimi. Rudi na mashine yako, mwanangu. Waambie bado napika."

Jirani akarudi kwake. Hakupiga hata moja.

Siku chache baadaye alikuja mpiga picha wa Voi, binamu wa mama, mtu wa kupeleka wageni mbugani. Shingoni alikuwa na lenzi ndefu ambayo mtu angeweza kupondea kimanga. Jirani aliitwa aione, na wawili hao wakakaa kibarazani wakibishana, nyanya akiwa amelala ndani. Yule wa Voi alisema mnyama akijua unampiga anaharibu picha, ndiyo maana yeye hukaa mbali, na ndovu akiwa ng'ambo ya maji unahesabu kope zake. Akamwambia jirani aachane na kile kijicho cha kuku. Jirani akacheka kwa adabu. "Hii yangu inanitosha. Mtu nikimtaka karibu, namsogelea. Akisema sitaki, namsikia."

Mama alikuwa anamwaga chai. Nilimwona akisimama na birika mkononi, anaitazama ile lenzi, na hata mimi mtoto nilijua anawaza nini.

Kesho yake jua lilipotoka, mama alimfunga nyanya kitambaa kipya kichwani, akamkalisha kwenye kigoda aote jua, uso kuelekea ndizini. Alimsifu. Alimwambia leo ana rangi nzuri. Yule wa Voi alikuwa amejificha kwenye migomba tangu alfajiri, viatu vimelowa. Nyanya akaona jani linatikisika na upepo haupo. Akainua mkono kukinga jua. "Nani huyo? Toka ndizini, mwizi wewe!"

Ndiyo picha iliyotoka. Nyingine zote alikuwa amefumba macho.

Jioni nyanya alimuuliza mama, "Yule mwizi alichukua nini?"

"Hakuchukua kitu, mama."

Mama akaenda jikoni akalia huku akipuliza moto, ionekane ni moshi. Nilimchukia usiku ule, na nilitaka kumshika mkono, nikashindwa kuchagua.

Nyanya alikufa kabla mahindi hayajakomaa. Picha ilioshwa Voi, ikawekwa kwenye fremu ya dhahabu, nami nikapewa niibebe mbele ya jeneza: nyanya amepanua mdomo, mkono juu. Mhubiri aliitazama akaguswa. Akasema, tazameni, mama alituinulia mkono atubariki, na kinywani mwake kuna wimbo. Watu wakasema amina. Nyuma ya hema yule wa Voi aliwaonyesha wenzake jinsi kila unywele unavyoonekana na migomba ilivyofifia. Akamuuliza jirani, "Sasa unaonaje?"

"Imetoka vizuri," jirani alisema, akaenda kusaidia kufukia.

Jirani naye amekufa. Ile nyumba ya Chawia imebaki ukuta mmoja, migomba ilikatwa, na njia imeota magugu. Siku hizi hakuna mtu wa shati jeupe anayeonekana akipanda, kwa hiyo hakuna mgonjwa anayepata nafasi ya kumfukuza.

Mama sasa anaumwa, yuko Voi kwa kaka yangu. Tumemwambia ni shinikizo la damu. Kwenye kikundi cha familia, kwenye simu, shangazi aliuliza nani ana picha nzuri ya mama, ya hivi karibuni, na kila mtu akanitaja mimi mwenye lenzi. Jumapili nilimpelekea uji. Nilipoingia aliangalia mikono yangu kwanza, yote miwili, kisha mabega, kisha mlango nyuma yangu, ndipo akaniangalia usoni. Alipoona nimebeba chupa ya uji tu, alishusha pumzi, akanywa wote, akaniambia mimi ndiye mtoto wake wa kweli.

Sikumwambia. Kaka alishampiga picha kwa simu Alhamisi, mama akiwa amelala. Shangazi anasema imetoka vizuri.