Vipande vya Mzinga

Majira yale ya baridi kali nilikuwa mwanafunzi wa unesi ng'ambo, nimepanga chumba mtaa wa Acocks Green kwa familia ya Masingasinga waliotoka Nairobi. Chumba cha pili ghorofani alilala baba mkwe wa mama mwenye nyumba. Mapafu yake yalikuwa yamejaa maji. Daktari alisema wazi: asiposhushwa sebuleni kwenye moto, mwezi ujao hatauona.

Mzee akagoma. Kutembea hawezi, kubebwa hataki.

"Mimi hapana taka," aliniambia kwa Kiswahili chake cha jeshini. "Wacha mimi hapa. Lete chai."

Jeuri gani hiyo! Nami si mpole, nikamwuliza anajiona nani. Ndipo akaeleza. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia alikuwa kijana kutoka Punjab, mpiga mizinga Tanganyika. Mzinga wao wa milimani ulifunguliwa vipande, mtutu huku, magurudumu kule, kila kipande na nyumbu wake wa mizigo. Mbung'o wakawamaliza nyumbu. Basi vipande vikahamia mabegani mwa wapagazi, mtutu ukaning'inizwa kwenye mti uliobebwa na watu kadhaa, mlima baada ya mlima, naye akitembea kando mikono mitupu, akiwapigia kelele waende sawa. Aliyeanguka alisogezwa kando ya njia na mwingine akaingia, maana kipande kimoja kikikosekana mzinga haulii.

"Watu yako nabeba mzinga yangu mbali sana," akasema. "Sasa iko tosha."

Babu yangu mzaa mama alichukuliwa upagazi vita hivyo hivyo, hakurudi. Nyanya hakuambiwa hata amezikwa wapi. Nikamwambia mzee. Akauliza babu alibeba kipande gani. Nikasema sijui, kwetu hakuna ajuaye. Akajifunika blanketi usoni akalia, na mimi, haki ya Mungu, nilimkasirikia na kumhurumia kwa pamoja.

Mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni, ameshika kiti cha kumbebea, macho mekundu. Mumewe alikuwa shifti kiwandani. Maji ya mzee ya kunywa yalikuwa yameanza kuganda kwenye gilasi.

Nikakaa kitandani, nikamfunua uso.

"Mzee, babu yangu hakuulizwa kama anataka kubeba. Mimi hakuna aliyenilazimisha. Nakubeba kwa sababu nakupenda. Haya, inua mikono."

Alinitazama weee, mpaka nikadhani amekataa. Kisha akanikumbatia shingoni kwa mikono yote miwili, nasi tukamshusha.