Mahari Imekwama Ngambo

—Franga ya mahari iko fasi gani? Gédéon, nakuuliza mara ya mwisho!

—Iko hapa, mama shangazi. Angalia wewe mwenyewe.

Mama Léocadie akavuta telefone mupaka ku pua, kioo kikajaa ukungu. Kweli, dola zote za mahari ya Naomie, muchumba wa Gédéon, zenye mutoto huyu wa kaka yake alitafuta mu mashimo ya zahabu ya Lusangi, zilionekana pale.

—Basi, zitoe! Wakwe wako njiani!

—Hazitoki. Zilikuwa mu blokcheni moja, ile daftari ya franga za mu telefone, nikazipitisha ku daraja ya mulemule mu telefone mupaka mu blokcheni ingine, ile wenye kuchenji franga wa Kasongo wanapokea. Zimevuka muzuri. Lakini kuzitoa kule, unalipa njia kwa kripto, franga ya mu telefone, ya kulekule tu, hawapokei dola. Bila ile, unaziangalia tu kwa macho.

—Na hiyo ya kulekule, hukukuwa nayo?

—Nilikuwa nayo kidogo. Juzi ukaniambia: uza hiyo takataka, tumuongezee mama mukwe kikwembe cha kuvaa, wasiseme tuko na mukono mugumu.

Eee! Mama huyu alishapatanisha wakwe walioshikiana mapanga, hakutetemeka. Leo kinywa kilibaki wazi, nzi akaingia, akatembea ndani, akatoka bila haraka. Akaanguka juu ya kasha ya limonade, chupa zote zikalia. Baba ya Naomie alishaapa: mahari ikikosa leo, binti anaolewa na mwanaume mwingine, kule Wamaza.

—Mu Kasongo muzima, nani iko na hiyo kripto?

—Mutu mumoja. Akitutumia tone tu, yote inatoka palepale.

—Na umesimama hapa kama nguzo? Nani?

Gédéon akaangalia vidole vya miguu yake.

—Blaise, mwenye kuchenji.

—Blaise... muyomba wa Naomie, ndugu ya mama yake? Ule mwenye kukuja kupokea mahari?

—Yeye mwenyewe.

—Mama yangu! Mimi, Léocadie, niombe wakwe kitu cha kufungulia mahari yao! Udongo unimeze na kilemba changu! Hapana, utamuomba wewe. Utamuvuta pembeni, utamuambia ni telefone ndiyo...

—Hodi!

Blaise alikuwa ameshaingia, vumbi ya pikipiki mupaka mu kope, anacheka. Gédéon akafungua kinywa. Mama Léocadie akamukanyaga muguu, akamusogezea mukwe kiti, kama vile mahari iko tayari mu kasha.