Gauni la Kitambaa cha Kwaya

Mimi sina upole wa kanisani, na sijawahi kudai ninao. Niliingia kwenye huduma ya watoto ya kanisa letu hapa Mpanda kwa sababu nina sauti kubwa na mkono wenye nguvu, na kamati ilikuwa inatafuta mtu wa kukoroga uji kwenye sufuria ambalo ukilichezea linakuunguza kifua. Siku za kazi ninashona nguo sokoni. Jumamosi asubuhi ninafunika cherehani, ninajifunga kanga kiunoni, ninakwenda kuwapikia watoto wa watu. Wakishakunywa tunawafundisha kusoma, kisha wanacheza mpaka jua linapokuwa kali.

Wengi wanatoka pembezoni, upande wa Kakese na Mwamkulu. Wazazi wao wanafanya vibarua kwenye mashamba ya mpunga ya watu wengine. Wamo na Wasukuma waliohamia huku na mifugo, ng'ombe wakaisha kwa ugonjwa na safari, baba akabaki na fimbo ya kuchungia. Watu hawa wana shida, sibishi. Lakini mtu mwenye shida bado ni mtu, na hilo limenigombanisha na wengi.

Kati ya watoto hao alikuwemo binti mmoja anayelelewa na bibi yake, mpole, mwepesi wa kusoma kuliko wenzake wote. Wakaja wageni kutoka kanisa moja la Dar es Salaam, wale wanaotutumia unga. Wakazungukazunguka na simu zao wakipiga picha. Binti wakamkuta amechuchumaa analamba kikombe, gauni lake la maua limechanika kuanzia begani hadi ubavuni, kamasi zinamtoka. Hakuna aliyemwambia ajifute. Mwaka mpya ulipoingia, picha ile ikaturudia imekuwa kalenda. Mwenyekiti wa kamati yetu alifurahi, utadhani ni yeye aliyepigwa picha. Moja akaibandika ukutani kwenye baraza ya kanisa, nyingine akazigawa madukani.

Watoto wa shule hawana dogo. Wakambatiza yule binti jina la Kalenda. Akipita wanamuuliza, "Kalenda, leo tarehe ngapi?" Akaacha kuja kwenye uji.

Nilimfuata kwao. Bibi yake alikuwa uani anabangua karanga.

"Mwangaluka, bibi," nikamsalimia kwa Kisukuma chake.

"Mwangaluka, mwanangu. Umemfuata mjukuu wangu? Huyo hatoki. Hata kumtuma chumvi dukani hataki, maana mwenye duka kalitundika lile dude ukutani."

"Na uji hautaki?"

"Uji nani asiyeutaka? Ila anasema afadhali njaa. Njaa haina macho."

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto. Binti alikuwa amejibanza nyuma ya mlango, nikiviona vidole vya miguu yake. Nikavisemesha hivyo vidole. Nikasema nitamshonea gauni, na kwamba maadamu mwiko wa ule uji uko mkononi mwangu, hakuna mtu atakayempiga tena picha ya matambara.

"Anti, na wakija tena?" akauliza akiwa kule kule nyuma.

"Wakija watanikuta mimi."

Kwetu mafundi, kipande kinachobaki kwenye kitambaa cha mteja ni cha fundi, na mteja anayekidai anaonekana hana adabu. Nilikuwa nimetoka kushona sare za kwaya, kitambaa cha bluu kizito, na vipande vilikuwepo. Nilimshonea gauni lenye kola na mkanda wa kufunga nyuma, upindo nikauacha mrefu ili akikua tuushushe. Alipokuja kulijaribu alilivua lile la zamani akanipa. "Usinirudishie," akasema. Nami sikumrudishia. Jumamosi iliyofuata akaja kunywa uji, na akasoma ukurasa mzima bila kunyoosha kidole kwenye maneno.

Haukupita muda, mwenyekiti akasimama mbele ya kanisa Jumapili, akatangaza kwamba wageni wa Dar wanakuja tena. Akasema, "Jumamosi watoto waje kama walivyo. Akina mama, msihangaike kuwabadilisha."

Sasa, umwambie mama wa huku kwetu kwamba mgeni anakuja, halafu umkataze asihangaike! Maneno hayo kila mtu anayasema, na hakuna anayeyafuata. Mgeni mwenyewe husema msijisumbue, nanyi mnamkimbiza kuku. Akina mama waliona mwenyekiti anawafanyia ustaarabu tu. Wakaenda nyumbani wakafanya kile ambacho mtu mwenye akili timamu hufanya akisikia ugeni.

Jumamosi watoto walifika wanang'aa. Vichwa vimenyolewa, vingine vimesukwa usiku kwa haraka mpaka macho yamevutwa. Mafuta yamepakwa kuanzia paji la uso hadi visigino. Wengine walivaa viatu vya kuazima, wanatembea kwa kuburuza visiwavuke. Kulikuwa na tope la mvua ya alfajiri, na wengi walibebwa mgongoni kutoka mbali ili wasichafuke. Binti wangu alikuja na gauni la bluu, kola imesimama, akaanza kunisaidia kupanga vikombe kwenye sinia.

Mwenyekiti alipoingia alisimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba.

"Hawa ni watoto gani?"

"Ni hawa hawa, mzee. Wameoga."

"Lakini nilisema waje kama walivyo!"

"Ndivyo walivyo wakiwa wanasubiri wageni."

Akanivuta pembeni ya moto, akashusha sauti. "Dada, hebu nielewe. Mgeni ukimwonyesha mtoto aliyependeza, anasema hawa wamepona, anapeleka unga kwingine. Halafu nyie mtapika nini?"

Si mtu mbaya yule mzee. Hofu yake ilikuwa ya kweli, na mimi pia nilikuwa nayo, maana chini ya lile sufuria zilikuwepo kuni na ndani yake ulikuwepo unga wa hao hao wageni. Lakini hofu haikumtosha, akaongeza neno.

"Wameniuliza hasa yule wa kwenye kalenda. Wanataka picha naye. Basi yule mmoja tu avae lile gauni la zamani, kidogo tu. Wakiondoka anabadilisha. Liko wapi?"

Wakati huo nilikuwa nainua sufuria kulitoa motoni. Nikaliweka chini, nikamwonyesha kitambaa nilichoshikia masikio ya sufuria. Kilikuwa kimeshaungua pembeni na kulowa uji, lakini maua yake bado yalionekana.

"Hili hapa, mzee. Mvalishe."

Akakitazama kile kitambaa, akanitazama mimi. Nyuma yangu vikombe vikaacha kulia. Nikageuka. Binti alikuwa amesikia yote. Sinia lilikuwa mkononi, lakini macho yake yalikuwa kwenye geti, na nilijua akitoka kwenye lile geti leo, hatarudi tena. Hatarudi kwenye uji wala kwenye kusoma, na mimi nitakuwa mwongo kama watu wazima wengine aliowahi kuwaamini.

"Dada, unaharibu huduma ya Mungu kwa sababu ya gauni," mwenyekiti akasema.

Hapo nikaacha kunong'ona. "Mzee, na wewe si unauhitaji unga wao? Mbona umevaa suti? Ungekuja na kaptula iliyochanika tukuone!"

Akina mama waliokuwa wanachanja kuni wakaangua kicheko, mmoja akajifunika uso na kanga. Mwenyekiti akaivuta tai yake, akakosa pa kuipeleka. Siombi radhi kwa kauli ile. Nimeshaambiwa niombe, na nimekataa, na Jumamosi nikipika ninapika nikiwa nimekataa. Unga bado unakuja kwa kusuasua kama ulivyokuwa unakuja zamani, na usipokuja tunakwenda Mwamkulu kuomba chenga za mchele.

Basi siku ile, honi ya wageni ikalia nje. Nikamwita binti.

"Mgeni akifika kwenu, mnaanza kumpa nini?"

"Maji ya kunawa," akajibu polepole. "Halafu chakula."

"Basi na hapa ni kwenu."

Akaliacha sinia akaenda kuchukua birika na beseni. Wageni waliingia simu zikiwa tayari mkononi, wanakuta binti wa gauni la bluu amepiga goti mbele yao anasema shikamoo, maji yanasubiri. Utafanyaje? Simu zikaingia mifukoni, mikono ikanawishwa. Wakiwa bado wanajikung'uta maji, wenzake wakafika na sinia la vikombe vya bati, uji wa karanga unafuka moshi. Mtoto akikupa kitu amepiga goti, unapokea kwa mikono miwili, hata kama umetoka Dar. Na kikombe cha bati chenye uji wa moto hakishikiki kwa mkono mmoja. Wakasimama mstari mzima wanapuliza, mikono imejaa, na watoto ndio wamesimama wanawatazama wakinywa.

Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti nzuri. Aliangaza macho huku na huku, akaiona kalenda barazani, akawatazama watoto mmoja baada ya mwingine.

"Mwenyekiti," akasema, "yule binti yetu wa kwenye kalenda yuko wapi? Simwoni."

Mwenyekiti akanitazama. Mimi nilikuwa bado na kile kitambaa mkononi, nikakikunja, nikasubiri nione atasema nini.

Aliyejibu ni binti mwenyewe. Alikuwa mbele kabisa ya yule mama, na birika lake.

"Yule alishahama, mama," akasema. "Kunywa uji, utapoa."

Yule mama akamtazama usoni, akaitazama kola, akaitazama kalenda kule ukutani, akarudi tena usoni. Nikaona amemtambua. Akainua kikombe kwa mikono yake miwili, akanywa uji wake wote akiwa amesimama, kisha akamrudishia binti kikombe na kumwambia asante.